Upande wa Dereva

Wapenzi wa malori ya zamani wana ugonjwa mmoja: hawawezi kukuonesha lori bila kuanzia puani. Inspekta Faustina Kihwele alikuwa uani kwa Mwalimu Lusekelo, Uyole, tangu asubuhi, na mpaka sasa hakuna mtu aliyekuwa amemwonesha nyuma.

"Tazama mstari huo, mwanangu," Mwalimu alisema, akipitisha kiganja juu ya boneti nyekundu ya Scania 111. "Malori ya siku hizi yamekatwa uso, yako bapa kama kabati. Hili lina pua. Ukiliona linakuja kwa mbali unajua linakuja lori."

Wanachama wenzake wa chama chao, Pua Ndefu, walicheka, kicheko cha watu waliokwisha kuusikia usemi huo mara nyingi. Wote walikuwa watu wazima, wastaafu na wenye maduka, kila mmoja na kofia ya chama. Malori yao mengine yalipangwa ukutani: Leyland ya kijani, Fiat ya rangi ya maziwa, Mercedes iliyowahi kubeba saruji. Yote yaling'aa. Uyole, ambako vumbi la soko la viazi haliheshimu hata suti ya bwana harusi, kuyaweka malori katika hali ile kunataka moyo.

Faustina hakuja kusifia. Alikuwa ametoka kituoni kwake, upande wa Iringa, pamoja na Koplo Aroni, akapita Mbeya mjini kuripoti kwa wenzake kwamba anaingia eneo lao. Katika kiti cha nyuma alikuwa amemleta mwanamke aliyesimama sasa kando ya lango, mkono wa kushoto umefungwa plasta, hataki kulisogelea lile lori. Mwanamke huyo aliitwa Minza.

Mwezi uliopita Minza alikuwa mke wa mtu. Mumewe, Masunga, mfanyabiashara wa mpunga wa Ubaruku, alikuwa akiendesha Noah yao kwenda Iringa. Mlimani karibu na Nyororo waliikuta Scania hii nyekundu ikipanda taratibu, ikielekea kwenye maonesho ya malori ya zamani. Kona ilikuwa mbele, na Masunga alikuwa haoni kitu isipokuwa bodi la lori.

Kila anayesafiri barabara kuu anaijua lugha ya madereva wa malori. Ukiwa nyuma yao na huoni mbele, wao ndio macho yako. Dereva wa lori akipiga indiketa ya kushoto, anakwambia njia nyeupe, pita. Akipiga ya kulia, anakwambia subiri, kuna kitu kinakuja. Haimo kwenye kitabu chochote cha sheria na wakufunzi wa udereva huikemea, lakini watu huitii kuliko mabango. Siku ile Minza aliona taa ya kushoto ikipepesa. Akamwambia mumewe, "Pita, amekuruhusu." Masunga akatoka, akakutana uso kwa uso na lori la magogo lililokuwa likishuka. Alifia pale pale.

Dereva wa Scania, Eliezeri, aliandika maelezo kwamba alipiga indiketa ya kulia. Kesho yake mkaguzi wa magari alizijaribu taa zote akazikuta ziko sawa. Basi marehemu akaonekana kuwa ndiye mwenye makosa, jalada likafungwa. Kule Ubaruku nako ukoo wa Masunga ulikuwa na uchunguzi wake: waliamua kwamba kijana wao ameuawa na mdomo wa mkewe. Watoto wawili walichukuliwa na babu yao, Mzee Sayi. Jumamosi hii ukoo ungekaa kikao cha kumrudisha Minza kwao Maswa, peke yake. Alikuja kituoni, wakamwambia jalada limefungwa, akarudi tena, mpaka Faustina akalifungua.

"Mimi sitaki mtu afungwe, afande," alikuwa amesema. "Nataka kujua kama macho yangu yalinidanganya. Kama yalinidanganya, nitawaachia watoto, nitaenda."

Faustina aliyakumbuka maneno hayo, akaiacha pua ya lori na kuzunguka nyuma bila kuaga. Kicheko cha wanachama kilikatika.

Nyuma ya bodi, upande wa chini, palikuwa na rangi nyekundu mbichi kuliko rangi nyingine. Aliigusa kwa kidole.

"Hapa palikuwa na nini?"

Wanachama waliangalia viatu vyao. Mmoja alikohoa. Mwingine alikumbuka ghafla kwamba ana simu ya kupiga.

"Nimeuliza, wazee wangu."

"Maneno, afande," alijibu Eliezeri hatimaye. Alikuwa mtu wa Kilolo, mrefu, aliyewahi kubeba magogo kwenda Mgololo miaka mingi. "Yale ya Kiingereza, ya kuonya kwamba usukani uko kushoto. Hili Mwalimu alilinunua kwa Mkongo pale Tunduma, limekuja na usukani wake wa Ulaya. Tuliyafuta ili lionekane kama lilivyotoka kiwandani."

"Ni kosa kisheria."

"Tunajua," wakasema karibu wote kwa pamoja, na wakaonekana wamepumua kabisa. Faustina aliona kwamba ndicho walichokuwa wakikiogopa tangu gari la polisi lilipoingia langoni. Watu wale walikuwa wamepanga uongo wa chama kizima kwa ajili ya rangi ya bodi.

Koplo Aroni alimsogelea, macho yakimng'aa. "Afande, si ndiyo kesi yenyewe? Dereva anakaa kushoto, barabara yetu ya kushoto, kona haioni vizuri."

"Alikiona kilichokuja. Mwenyewe ameandika kwamba aliliona lori la magogo. Sisi hatutafuti alichokiona, tunatafuta alichokisema." Akamgeukia dereva. "Eliezeri, panda. Fanya ulivyofanya siku ile."

Eliezeri alipanda upande wa kushoto, akakaa, akatoa kichwa dirishani. "Kamwene nyote," alitania kwa salamu ya kwao. Akawasha swichi. "Nikaliona lori la magogo linakuja. Nikapiga ya kulia. Hivi."

Nyuma ya lori, taa ya kulia ikapepesa. Ilikuwa moja ya zile taa za mviringo za zamani, za kioo cha rangi ya chungwa, ambazo chama kizima kilizitafuta kwa shida mpaka kikazipata. Ilipepesa kulia, wazi kabisa.

Wanachama walishusha pumzi. Mwalimu Lusekelo alifumba macho kidogo. Minza, ambaye sasa alikuwa amesogea hatua kadhaa kutoka langoni, aliitazama taa ile mpaka Eliezeri alipoizima, kisha akajifunika mdomo kwa mkono wake mzima.

"Basi," alisema kwa sauti ndogo. "Basi ni mimi."

"Bado," Faustina alimjibu. Alimwonea huruma, na alijikasirikia kwa kumleta kuja kuliona jambo lile. Alivua koti, akampa Aroni, akalala chali na kujisukuma chini ya lori.

Jambo la kwanza aliloliona lilikuwa tope. Pua ya Scania ungeweza kujitazamia kama kioo, lakini huku chini, kwenye bampa la nyuma na chasisi, tope jekundu lilikuwa limekauka na kushikamana kama la jana. Watu wanaosugua nati za magurudumu kwa mswaki walikuwa wameliacha tope huku. Alilitia hilo akilini, akawasha tochi.

Waya za taa za nyuma zilikuja kwa pamoja, zimepitishwa ndani ya bomba kando ya chasisi, upande wa kushoto. Kazi ilikuwa safi: maungio yamelehemiwa, yamefungwa tepu nyeusi, yamebanwa kwa vibanio. Zote isipokuwa mbili. Waya wa njano, uliokwenda taa ya kushoto hapo hapo jirani, ulikuwa mrefu kupita kiasi, umekunjwakunjwa na kushindiliwa nyuma ya taa. Waya wa kijani, uliokwenda taa ya kulia, haukutosha kufika. Ulikuwa umeungwa kipande cha waya mwingine, kwa kusokotwa kwa vidole tu, na juu ya maungio pamefungwa utepe wa bluu.

Faustina alibaki amelala pale akiutazama ule utepe. Waya unaokatwa kwa ajili ya taa ya jirani hukatwa mfupi, na wa taa ya ng'ambo hukatwa mrefu. Hizi zilikatwa kwa mpango mmoja zikafungwa kwa mpango mwingine. Mtu alikuwa amezibadilisha.

Alipotoka, mgongo wote vumbi, aliuliza swali moja. "Nani alifunga taa hizi?"

"Mimi," ilijibu sauti iliyojaa fahari. Jailos alikuwa fundi umeme wa magari mwenye duka lenye kibao cha Daktari wa Umeme, mkufu shingoni na simu mbili mkononi. "Taa zilifika siku moja kabla ya msafara wa kwenda Iringa. Nikazifunga siku hiyo hiyo. Mbele sikugusa, mbele ni kazi ya Mwalimu mwenyewe."

"Njoo uangalie kazi yako."

Jailos alisita kwa ajili ya suruali yake, kisha akaingia chini. Alitoka akiwa amekasirika. "Afande, hilo si langu. Mimi nifunge waya kwa utepe wa sherehe? Nina jina langu Uyole."

"Utepe huo ni wa nini?"

"Wa msafara," alijibu mmoja wa wanachama. "Tulifunga kwenye mabampa ya malori yote, siku ya kuondoka."

"Sawa. Jailos, ulijuaje waya upi uende taa ipi?"

"Nilielekezwa. Mwalimu alikuwa ametangulia Iringa kuandaa maonesho. Akanipigia simu. Akasema, kijani, upande wa dereva. Njano, upande wa utingo."

"Na wewe ukafunga vipi? Usiniambie kwa mdomo. Nioneshe."

Jailos alitembea kwa maringo hadi nyuma ya lori, akanyoosha mkono, akaiweka simu yake juu ya taa. "Kijani, hapa. Upande wa dereva."

Simu ilikuwa juu ya taa ya kushoto.

Kwa muda hakuna aliyeelewa. Halafu mzee mmoja, mwenye ile Leyland ya kijani, akasema, kama mtu anayemsahihisha mtoto, "We Jailos, upande wa dereva ni kulia. Hata mtoto anajua."

"Kulia wapi, mzee? Dereva wa lori hili anakaa wapi?"

Wote wakageuka. Eliezeri alikuwa bado amekaa kwenye kiti chake, kiwiko dirishani, upande wa kushoto. Aliwatazama wale wote wanaomtazama, kisha akautazama usukani uliokuwa mbele yake.

Tangu malori yaanze kupita Uyole, upande wa dereva ni kulia na upande wa utingo ni kushoto. Madereva hawasemi kulia na kushoto kabisa. Tairi la upande wa dereva, kioo cha upande wa utingo, hivyo ndivyo wanavyozungumza, na hakuna aliyewahi kukosea kwa sababu dereva hakuwahi kuhama. Mwalimu aliongea kama kila mtu anavyoongea, naye Jailos akafanya kama lori lilivyokuwa. Hapo kati yao ndipo Masunga alipofia.

"Kwa hiyo siku ya msafara," Faustina alisema taratibu, ili kila mmoja asikie, "Eliezeri akipiga ya kulia, mbele inawaka kulia, ndani inawaka kulia, na nyuma inawaka kushoto. Hakuna aliyesimama nyuma kuzijaribu?"

Mzee wa Leyland alitoa simu yake, akapekuapekua na kuirudisha mfukoni. "Tulikuwa mbele," alisema. "Tulikuwa tunapiga picha. Sina hata moja ya nyuma."

"Na njiani? Hili lilikuwa la ngapi kwenye msafara?"

"La mwisho," alisema Eliezeri. Alikuwa ameshuka. "Tuliliweka mwisho kwa heshima, kama bibi harusi. Afande, siku ile watu walinipigia honi njia nzima. Tangu Igawa, mpaka Makambako. Kila anayenipita, honi, mkono nje ya dirisha. Mimi nikawa nawapungia. Nilidhani wanalisifia lori."

Akaenda kwa Minza, akasimama mbele yake na kuvua kofia.

"Mama, mimi nimekuwa nikimlaumu mumeo kila ninapokaa. Nimewaambia watu alijiua mwenyewe. Nimesema hadi kanisani. Unisamehe."

Minza alikuwa akimtazama Faustina. "Kwa hiyo niliona kweli?"

"Uliona kweli. Ilikuwa kushoto."

Ungetegemea mwanamke huyo afurahi. Alitikisa kichwa tu, akaegemea ukuta. "Macho yalikuwa mazima," alisema. "Na bado nilimwambia apite."

"Mimi ndiye niliyefunga," Jailos alisema, fahari yote imemwisha. "Kama ni lawama, iwe yangu."

"Ngojeni kugawana," Faustina akawakata. "Kukosea neno si kosa la jinai. Lakini mkaguzi alizikuta taa ziko sawa. Kuna mtu alizigeuza kabla yake, usiku ule au asubuhi yake, na huyo alijua anafanya nini. Jailos alikuwa Uyole. Eliezeri alilala mahabusu kwetu, na funguo za mahabusu ninazijua zilikuwa wapi. Lori lilikuwa uani, kituoni kwangu, na mlinzi langoni. Nani alilifikia?"

Alipokuwa akiuliza, jibu lilimjia mwenyewe, na lilimjia vibaya. Aliikumbuka asubuhi ile: mzee mwenye adabu, aliyekuja na basi la kwanza kutoka Iringa, amesimama langoni akiomba walau alioshe lori lake, maana ni la maonesho na halistahili kukaa na vumbi. Mlinzi alikataa. Ni yeye Faustina aliyekuwa akipita, akasema mwacheni mzee wa watu aoshe gari lake. Ni yeye aliyesema wampe ndoo.

"Mwalimu," alisema. Hakuweza kumwita mtuhumiwa. Asubuhi hii hii alikuwa amemwamkia shikamoo. "Nilikupa maji."

Mwalimu Lusekelo alikuwa amesimama pale pale puani, kiganja bado kiko juu ya boneti. "Ulinipa," alisema. "Tena ukawaambia waniletee na sabuni."

"Tope la siku ile liko nyuma mpaka leo. Malori yenu yote yanasuguliwa hadi nati. Hili linasuguliwa mbele tu."

"Sijaingia tena huko nyuma. Siwezi, mwanangu. Kila nikishika kitambaa naishia mlangoni."

"Eleza. Lakini kabla hujaeleza, nakuonya: huna lazima ya kusema kitu, na utakachosema nitakiandika."

"Andika." Aliuondoa mkono juu ya lori. "Sikwenda kuficha kitu. Nilikwenda kuosha, kweli. Nikawasha swichi nione kama kuna taa iliyoharibika. Nikaiweka kulia, nikazunguka nyuma na ndoo yangu, nikakuta kushoto inapepesa. Nikafikiri nimekosea. Nikarudi ndani, nikaangalia, iko kulia. Nikazunguka tena. Hapo nikaisikia sauti yangu mwenyewe kwenye simu: kijani, upande wa dereva."

Wanachama wenzake walikuwa wamejitenga naye kidogo, bila kukusudia.

"Nikafungua utepe kwenye bampa. Nikachukua kipande cha waya kwenye sanduku. Ilikuwa kazi ndogo sana."

"Kwa nini?"

"Nilijiambia namlinda Jailos."

"Jailos hakukuomba."

"Hakuniomba. Nilisema namlinda Jailos, halafu nikasema nasubiri maonesho yapite, halafu nikasema nasubiri msiba upite. Niliogopa mtu atasema kwamba ni neno langu. Na niliogopa watalichukua lori. Sasa unajua mimi ni mtu wa namna gani."

"Ofisi yangu ilikuwa pale pale," Faustina alisema, na sauti yake ilikuwa kali kwa sababu alikuwa akijilaumu yeye mwenyewe pia. "Ungepiga hodi tu."

"Nilipiga hodi. Nilikuja kurudisha ndoo. Ukaniuliza kama maji yalitosha, nikakwambia yametosha, nikakushukuru, ndaga. Ukaniambia pole kwa msiba wa barabarani, nikasema asante. Nikatoka."

Aroni alikuwa ameshatoa pingu. Faustina alimpa ishara asubiri, kwa kuwa Minza alikuwa amekuja katikati ya ua, karibu kabisa na Mwalimu, na ndiye sasa aliyekuwa na neno.

"Wewe nakufahamu," Minza alisema. "Ulikuja msibani Ubaruku. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya nyumba, walinikataza kufika kaburini. Nilikuona unapita na wazee."

"Nilikuja."

"Jumamosi wananifukuza. Mpigie baba mkwe. Umwambie hayo uliyosema hapa."

"Afande," Aroni alinong'ona, "utaratibu ni tumchukue, aandike maelezo mbele ya..."

"Naujua utaratibu." Faustina alimtazama Mwalimu. "Sikulazimishi. Mbele ya sheria ni bora kwako ukae kimya. Ukipanda gari letu utapata wakili, wakili atakwambia ufunge mdomo, na atakuwa sahihi. Jumamosi itafika umefunga mdomo."

Mwalimu alinyoosha mkono. Minza alibonyeza namba, akaweka sauti ya nje, akampa. Simu ililia muda mrefu.

"Haloo."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni Lusekelo, wa Uyole. Mwenye lile lori jekundu."

"Aa, Mwalimu. Ulikuja kutuzikia. Habari za huko?"

Mwalimu aliiruka salamu. "Mzee, mke wa Masunga aliona kweli. Lori langu lilimwambia apite. Taa za nyuma zilifungwa kinyume, kwa maelekezo yangu. Asubuhi yake nilizigeuza ili polisi wasijue. Yeye hana kosa. Mumewe hana kosa."

Jogoo aliwika huko Ubaruku, ng'ombe mmoja akalia, na mtu akaambiwa kwa Kisukuma anyamaze.

"Siku ile ulipokuja kwangu," Mzee Sayi aliuliza, "ulikuwa unajua hayo?"

"Nilikuwa nayajua."

"Tulikuketisha wapi?"

"Karibu na wewe, mzee."

"Ukatusikia tulivyokuwa tunamsema huyu mwanamke."

"Niliwasikia."

"Chakula kikaletwa. Ukala?"

Wanachama wa Pua Ndefu waliinamisha vichwa. Mwalimu Lusekelo aliishika simu kwa mikono miwili.

"Nilikula, mzee."

Hakukuwa na matusi. Pengine angetukanwa ingekuwa nafuu. Mzee Sayi alivuta pumzi, ikasikika uani kote, kisha akauliza kama Minza yuko hapo.

"Yupo."

"Mpe simu mkwe wangu."

Minza aliipokea kwa mkono mzima. Kabla hajasema neno alipiga magoti kwenye kokoto, mbele ya watu wote, kama mke wa mwana anavyopaswa kumwamkia baba wa mumewe, ingawa mwenye kuamkiwa alikuwa mbali Ubaruku.

"Mwangaluka, baba."

Ilisikika sauti ya mzee akijisafisha koo.

"Mwangaluka, mwanangu. Nyanyuka. Najua umepiga magoti, nyanyuka. Watoto hawa hapa wanakusikia."

Faustina alimshika kwapani, upande usio na plasta, akamwinua. Alipogeuka kumchukua mtuhumiwa wake alimkuta naye yuko chini, amepiga magoti kando ya gurudumu la mbele, kofia ya chama mkononi, akingoja. Wenzake walikuwa wamesimama wamemzunguka. Mzee wa Leyland alipeleka mkono nusu ya njia, akaurudisha mfukoni, na hakuna mtu katika ua ule aliyemwambia anyanyuke.